Vita vya Kompyuta ya Bertram Iliyoachwa Wazi

Sogeeni, enyi mliowahi kuinuka mbele ya kompyuta bila kuifunga, nanyi mnaoapa hamjawahi, waongo wakubwa. Sogeeni niwasimulie habari za Vigga binti Damgaard, simba jike wa kidato chetu hapa mjini Viborg, mla mkate mweusi asiyeshiba, siku aliyoingia vitani amevaa soksi moja nyeupe na moja ya kijani.

Tangu enzi asizozikumbuka mwanafunzi yeyote, sheria yetu ni moja: akiondoka mtu akaiacha kompyuta yake wazi, wenzake huandika kwa jina lake, kwenye kundi la darasa, kwamba kesho analeta keki. Naye huoka, apende asipende. Tumenenepa kwa haki hiyo.

Basi Bertram, mwenye miguu mirefu na kumbukumbu fupi, akabanwa na haja akatoka mbio. Malthe, jemadari wa umbea, akaivamia kompyuta yake, na lahaula, hakukuta somo la historia. Alikuta ujumbe wa mapenzi kwa Asta wa darasa la jirani, umeandikwa wote, wenye mwezi na nyota ndani yake, ila haujatumwa. Kidole cha Malthe kikaelea juu ya kitufe cha kutuma, na jeshi la viti vya nyuma likamshangilia.

Hapo Vigga akaruka meza mbili, akatua mbele yake.

"We Malthe, toa kidole. Keki ni keki. Haya maneno ni ya Bertram, atayasema mwenyewe siku akipata ubavu."

"Acha kujifanya mtakatifu, Vigga. Tunamsaidia tu. Huyu bila sisi atazeeka hivihivi."

"Na wewe ukienda chooni, nikusaidie na zile picha unazojipiga kifua wazi?"

Jeshi likageuka likamcheka jemadari wake. Malthe akarudi nyuma akinung'unika, naye Vigga akaagiza keki ya nazi kwa jina la Bertram, kama sheria inavyotaka, kisha akakishusha kifuniko.

Bertram aliporudi akakiona kifuniko kimefungwa, masikio yakamwiva. Akauliza kwa sauti ndogo kama tumeusoma ujumbe wake.

"Tumeagiza keki," Vigga akamjibu. "Kaa chini."

Lakini mashujaa nao husahau. Vigga alipokimbilia vitani aliiacha kompyuta yake mwenyewe wazi, na sasa Malthe alikuwa ameketi mbele ya kompyuta hiyo, siri za Vigga zote zikiwa chini ya vidole vya adui. Malthe akamtazama Vigga, akaandika polepole, akafunga kifuniko mwenyewe.

Kompyuta zetu zote zikalia pamoja. Chini ya jina la Vigga palikuwa na maneno matatu: Kesho naleta keki.

Na wajue wa Viborg na vizazi vyao kwamba siku ile haikutoka siri hata moja, na kesho yake tulikula keki mbili, isipokuwa kipande kimoja, ambacho Bertram alikifunga kwenye karatasi akaenda nacho, kwa miguu yake mwenyewe, darasa la jirani.