Mheshimiwa Jaji, "Kwa Pamoja" Ni Miaka Mingapi?

Saluni ya Vinyozi Wawili,
Mkabala na duka la dawa.
Jumanne, jioni.

Kwa Mheshimiwa Jaji,
Mahakama Kuu, Chumba cha Pili.

Mheshimiwa,

KUHUSU: NENO LAKO MOJA NA MADHARA YAKE KATIKA SALUNI YETU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umepumzika japo kidogo baada ya kesi ile ndefu. Sisi huku si wazima sana, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Mimi ni kinyozi. Nina elimu ya kidato cha nne, sijawahi kufikishwa mahali popote kwa ugomvi, na kila jioni huandika katika shajara yangu mambo ya siku pamoja na tarehe yake. Kwa hiyo haya nitakayoeleza si ya kuokota barabarani. Mengi yametokea mbele ya kioo changu.

Alhamisi iliyopita ulimhukumu yule askari aliyemuua fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Naeleza kwa kifupi ili karani wako akifungua bahasha asipotee. Kijana alikuwa anarudi kutoka kazini, pampu ya baiskeli mkononi. Askari akampiga risasi. Kisha askari akaenda kituoni, akaandika katika taarifa yake kwamba kijana alikuwa na bastola. Kwa kuua ulimpa miaka ishirini. Kwa kuandika uongo ukampa miaka kumi. Hadi hapo tulikuwa tunakufuata vizuri, saluni nzima, redio imepandishwa sauti, hata aliyekuwa na povu kidevuni ametulia. Ndipo ukasema kwamba vifungo hivyo viwili vitatumikiwa "kwa pamoja". Ukainuka, ukaenda zako. Sisi tukabaki na neno.

Malalamiko yangu nimeyapa namba, ili ukitaka kujibu usipate taabu ya kutafuta.

1. Neno lenyewe.

Mimi niliposikia "kwa pamoja" nilisema papo hapo: thelathini. Nikienda dukani nikachukua sukari na majani ya chai, nikamwambia muuzaji apige hesabu kwa pamoja, hajawahi kuniambia kwamba majani yamo ndani ya sukari, nichukue tu niende. Kwa pamoja ni kujumlisha.

Lakini shemeji yangu, ambaye ni kaka wa mke wangu na ndiye mwenye kiti cha pili hapo saluni, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema, "Shemeji, wewe na dada yangu mmeishi kwa pamoja miaka kumi na minne. Yeye ana yake kumi na minne, na wewe una yako kumi na minne. Nani kakwambia mna ndoa ya miaka ishirini na minane?" Saluni nzima ikacheka. Hata mimi ningecheka, isipokuwa aliyekuwa anachekwa ni mimi.

Kwa hesabu ya shemeji, basi, ni ishirini. Utaona, Mheshimiwa, kwamba lugha inatuunga mkono sote wawili. Lingekuwa neno la kitaalamu tusilolijua tungenyamaza kwa heshima. Wewe ukachagua neno ambalo kila mtu analo nyumbani kwake.

2. Bwana harusi.

Siku hiyo shemeji alikuwa na mteja kitini, kijana wa kuoa Jumamosi. Alitaka apunguzwe kwa kitana cha namba nne, kile kinachoacha nywele nyingi kidogo, aonekane nazo kwenye picha. Upande wa kushoto ulikuwa tayari na ulipendeza, hilo siwezi kumnyima shemeji.

Tatizo ni kwamba shemeji hawezi kubishana bila kuonyesha mfano. Akasema, "Sikilizeni. Ukishapitisha mashine tupu, kuna haja ya kupitisha tena namba nne? Namba nne itakuta nini? Kifungo kirefu kimeshanyoa kifupi!" Na katika kusema hivyo akachomoa kitana, akapitisha mashine tupu, kuanzia sikio la kulia hadi utosini.

Kijana akajitazama kwenye kioo. Akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, mimi naoa Jumamosi." Hakuna aliyemjibu. Mfano ulikuwa mzuri na watu walikuwa bado wanaufikiria.

Ameoa akiwa na kofia. Nimeonyeshwa picha. Katika zote kofia iko sawasawa, na katika zote bibi harusi anatazama pembeni. Neno lako ndilo lililomnyoa, Mheshimiwa. Shemeji alishika mashine tu.

3. Mtaa mzima umejiteua kuwa majaji.

Mama anayetuletea chai alimpa askari miaka hamsini akiwa bado hajashusha birika. Fundi nguo alikuwa ametoa kumi na miwili, lakini aliposikia muuza nyama ametoa kifungo cha maisha, akapandisha yake hadi arobaini ili asionekane mnyonge. Ikawa kama mnada. Mzee mmoja mstaafu wa posta, tunayemwita Kamusi kwa sababu husahihisha watu hata wakipiga chafya, alisema hatoi miaka yoyote mpaka kwanza wote waliolitumia neno "pamoja" bila kujua ni aina gani ya neno wafungwe wao. Hapo alikuwa anakutazama wewe pia, Mheshimiwa, ingawa hukuwepo.

Mama mzazi wa marehemu anakaa nyuma ya duka la dawa. Hupita mbele ya saluni na kikapu chake asubuhi na akirudi. Akipita, tunanyamaza wote, majaji wote tunatazama viatu. Akishakunja kona, tunaendelea.

4. Sasa limeingia nyumbani kwangu.

Jumamosi binti yangu, ambaye ana miaka tisa, alivunja chupa ya chai, kisha akasema ni paka. Paka hatuna. Nikamwadhibu kwa utaratibu: wiki mbili bila televisheni kwa kuvunja chupa, na wiki moja kwa kusema uongo. Binti akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Baba, zinatumikiwa kwa pamoja?"

Nikamuuliza hilo amelitoa wapi. Akasema kwa Mjomba, yaani huyo huyo shemeji. Nikamwambia tuseme ndiyo, kwa pamoja, kama alivyosema Mjomba. Akahesabu kwa vidole, akafurahi, akaniambia, "Basi uongo ni bure."

Nimeliandika jibu hilo kwenye shajara na nimeacha nafasi chini yake ya kuandika jibu langu. Nafasi bado iko wazi. Kama una jibu la kufaa mtoto wa miaka tisa, ningeshukuru ukanitumia.

5. Visogo.

Hili ni la kitaaluma. Kinyozi anaweza kunyoa mji mzima lakini hawezi kunyoa kisogo chake mwenyewe. Tangu tulipofungua saluni, kila Jumamosi tukishafagia, mimi hukaa kiti cha shemeji ananinyoa, kisha yeye hukaa changu namnyoa. Jumamosi hii hatukukaa. Ijumaa nilimwambia kwamba anatetea ishirini kwa sababu mtoto wake yuko chuo cha polisi. Ni kweli mtoto wake yuko chuo cha polisi. Shemeji alikwenda kununua pazia, akalitundika katikati ya viti viwili, na kioo chetu ambacho ni kimoja sasa kina mpaka.

Tunazungumza kupitia kwa mke wangu, anayetuletea chakula cha mchana. "Mwambie kaka yako spiriti imekwisha." "Mwambie mumeo ipo chini ya meza yake." Juzi Jumapili ameweka vyombo chini, akasema, "Mkimaliza kumfunga huyo askari, na mimi mnifungulie. Nimechoka kubeba salamu za watu wanaogusana viwiko." Leo chakula kililetwa na jirani.

Wakati huohuo nywele hazingoji mtu. Tunainamia wateja, na wanaosubiri kwenye benchi wanatuona visogo. Mmoja ameniuliza kwa upole kama kinyozi yupo.

6. Shemeji anahama.

Hili nimelisikia leo, nalo si kutoka kwake. Amekwenda kuuliza chumba ng'ambo ya barabara, karibu na fundi nguo. Mwisho wa mwezi atabeba kiti chake. Mheshimiwa, kiti hicho tulikibeba wawili kutoka stendi, kwa miguu, mvua ikinyesha, yeye mbele mimi nyuma, na tulipochoka tulikikalia kwa zamu katikati ya barabara watu wakitushangaa. Sijui nitasemaje kwa mke wangu akipita na kukuta nafasi ile tupu. Sijui hata mimi nitaongea na nani mchana wateja wakipungua. Mteja aliye kitini hupati jibu la maana kutoka kwake; anaogopa wembe.

Kutokana na hayo, naomba mambo yafuatayo, na naamini yako ndani ya uwezo wako.

Kwanza, uiandike hukumu upya kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi inavyoandikwa. Nakala moja utuletee sisi tuibandike juu ya kioo, katikati, pazia likiruhusu.

Pili, kama kuandika ni kazi kubwa, uje mwenyewe. Tutakupa kiti. Hutanyolewa kama hutaki. Utasema namba moja tu, kwa sauti, huku umewatazama watu wote wawili, kisha utakunywa chai na kuondoka.

Tatu, utoe amri kwamba mtu yeyote asiye na joho asitamke idadi ya miaka ya mtu mwingine, iwe saluni, dukani, kwenye chai au kwenye msiba. Atakayetamka akae kimya siku moja kwa kila mwaka aliouongeza. Muuza nyama, kwa kuwa alitoa maisha, asizungumze tena. Atauza kwa kuonyesha kidole. Adhabu hizo zisitumikiwe kwa pamoja.

Nne, ikiwa kutakuwa na rufaa, isomwe Jumatatu. Jumatatu huwa tumefunga.

Mimi mwenyewe, naomba ieleweke, sina upande. Ishirini au thelathini, nitapokea chochote na kuendelea na kazi. Miaka ni yenu nyinyi mahakama, nywele ni zetu. Raia akianza kupima kifungo, kesho atapima dawa na keshokutwa atapima kina cha daraja, na nchi itaanguka. Kila mtu anyoe anapopajua.

Msalimie karani wako, ambaye nimemwonea huruma kuandika kesi nzima kwa mkono. Msalimie yule mlinzi wa getini aliyetutunzia miavuli siku ya kwanza ya kesi, mimi na shemeji tulipokuja na mwavuli mmoja kila mtu na tukaondoka tumebadilishana. Nyumbani kwako nisalimie wote, na kama kuna anayenyolewa, aje. Kwa sasa tunaanza naye kiti cha kulia, kile cha kushoto sina mamlaka nacho.

Wako katika utii, mwenye kisogo kirefu,

Kinyozi wa Kiti cha Kulia.

Tanbihi. Jumatano, asubuhi. Bahasha ilikuwa imeshabandikwa stempu. Nimeifungua kwa mvuke wa chai, kwa hiyo usimlaumu mtu wa posta kwa mikunjo.

Leo shemeji amefika kabla ya wateja. Amelipita pazia, akakaa kwenye kiti changu, akainamisha kichwa. Nikamfunga kitambaa shingoni nikaanza kisogo. Nilipofika utosini akasema, "Unamkumbuka yule fundi baiskeli, mizunguko yake miwili ya nywele hapo juu? Ukimnyoa lazima mashine uigeuze mara mbili." Nikasema namkumbuka. Alikuwa anakaa kiti chochote kilicho wazi. Nikawa nimezima mashine bila kujua.

Akasema mtoto wake amempigia simu jana kutoka chuoni. Wameanza somo la kuandika taarifa. Mtoto akamuuliza, "Baba, mtaani kwetu wanasema nini?" Shemeji akasema alikaa na simu sikioni na hakuwa na mfano wowote wa kutoa. Mwishowe akamwambia, "Mwanangu, ukiona pampu, andika pampu. Hata kama umekosea. Hasa kama umekosea."

Nikamsomea yale maneno ya binti yangu kuhusu uongo kuwa bure. Akasema nimalize kunyoa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba ombi la tatu ulifute. Usimnyamazishe mtu, hata muuza nyama. La kwanza na la pili pia usijisumbue, kwa kuwa Kamusi ameuliza mwanasheria na tumeambiwa ni ishirini; shemeji alikuwa sahihi tangu Alhamisi. Lakini pazia limeshushwa, sasa ni kitambaa cha wateja. Tumekaa, mimi nikiwa nimenyolewa na yeye akiwa amenyolewa, tukaipima hukumu yako upya bila joho. Ishirini ni ya kijana. Ile kumi ni ya pampu, nayo haiwezi kuingia ndani ya mingine.

Ni thelathini. Tumesema hivyo mimi na shemeji, kwa pamoja.