Malalamiko Dhidi ya Bi. Eugénie na Picha Zake Ukutani

Kakuma,
6 Novemba 2013

Kwa Bi. Chepkirui,
Mratibu wa Huduma za Watoto,
Lodwar.

Mheshimiwa Bibi,

MINTARAFU: OMBI LA KUMWONDOA BI. EUGÉNIE NYUMBANI KWANGU

Natumai joto la Lodwar limekuachia nguvu ya kusoma. Mimi ni Wandera, karani wa maji hapa Kakuma, mzaliwa wa Busia, msomaji wa kila gazeti linalofika huku hata likichelewa siku nne. Nimewaandikia wahariri barua thelathini na tisa, na sita zilichapishwa. Nayataja haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyejua kulalamika.

Binti yangu Nakaale ana miaka mitano. Hasemi. Alikuwa akilia kutwa nasi hatujui analilia nini. Mwezi wa tano mfanyakazi wako, Bi. Eugénie, Mkongomani anayetoka kambi ya wakimbizi kila wiki kututembelea hapa mjini, alitueleza kwamba mtoto ana usonji, akaanza kutufundisha namna ya kuishi naye. Sikatai kwamba kilio kimepungua. Ninacholalamikia ni hali yangu mimi, kama ifuatavyo:

1. Amenipokonya lugha. Siku ya kwanza tu alinisikiliza nikimweleza mtoto kwa nini ni vyema kuvaa viatu katika nchi yenye miiba, nikianzia enzi za ukoloni, akanikatiza: "Papa Wandera, maneno yako iko mingi sana. Mutoto anapoteya ndani." Tangu hapo nasema, "Viatu. Halafu mlango." Mtoto anavaa viatu, anakwenda mlangoni. Lakini ugonjwa huu umenifuata kazini. Mwezi uliopita niliombwa kumuaga mwenzetu anayestaafu, nikasema, "Ulifanya kazi. Asante. Kula." Watu walipiga makofi mengi kuliko walivyowahi kunipigia, na huo ndio uchungu wenyewe.

2. Amenifunga kwa ukweli. Alitufundisha kuchora mambo ya siku kwenye vipande vya boksi na kuvibandika ukutani kwa mpangilio, ili mtoto ajue kinachokuja. Sharti lake ni moja: kilichobandikwa lazima kitokee. Bibi, unajua tunavyoishi. Hapa "nakuja sasa hivi" ni kipindi kirefu kinachoweza kuisha Ijumaa. Mwezi wa sita tulitangaziwa baraza la serikali mpya ya kaunti, saa tatu kamili. Nikachora watu na kipaza sauti, nikampeleka. Saa tatu ikafika, kipaza sauti kipo, mgeni wa heshima hayupo. Nakaale aliziba masikio, akapiga yowe lililosikika hadi sokoni. Mama mmoja wa Kidinka, Adhieu, anayeuza chai pale, akasema, "Wacha alie. Sisi wengine tunaogopa tu." Saa saba mgeni alipowasili, alikuta watu wote wameinuka nyuma yetu, wamekwenda zao. Nimepigania nidhamu ya wakati kwa barua thelathini na tisa. Mtoto asiyesema ameshinda hoja hiyo kwa asubuhi moja, na hakuna aliyenitaja.

3. Ametuvunjia ugomvi. Kwa miaka mitatu mimi na mke wangu Akuwam tulikuwa na mjadala wa heshima: mimi nilishikilia kwamba hali ya mtoto imetoka kwao Kalokol, yeye kwamba imetoka kwetu Busia. Tulikuwa na ushahidi, mashahidi, hata wajomba waliofariki. Bi. Eugénie akanywa chai yake, akasema hakuna wa kulaumiwa. Sasa tunakaa tukitazamana. Nimegundua kwamba mke wangu ana ucheshi mwingi, jambo ambalo kwa umri wangu linachosha moyo.

4. Ng'ombe. Naomba uisome sehemu hii umekaa.

Kwa mujibu wa mafundisho ya mfanyakazi wako, mgeni anapaswa kubandikwa ukutani kabla hajafika. Shemeji yangu Erupe, mfugaji wa upande wa Lokichoggio, alipiga simu kwamba anakuja. Nikamuuliza nimchore vipi. "Shemeji," akasema, "mimi ukinichora nitafanana na kila mtu. Chora ng'ombe yangu." Kwao mwanamume hujulikana kwa maksai wake, huitwa kwa jina lake na humwimbia. Nikachora: mweusi, baka jeupe begani, pembe moja ikitazama Sudan na nyingine ikitazama Lodwar.

Erupe akaja peke yake. Nakaale akamtazama, akatazama ukuta, akafunga mlango. Nikaufungua, akaufunga. Nikampigia simu Bi. Eugénie aniokoe. Akasema, "Mutoto iko na haki. Uliahidi ng'ombe."

Nilitegemea Erupe angekasirika, tumalize. Badala yake alisimama uani akitabasamu. "Nimekuja nyumba hii miaka kumi," akasema, "na huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza ng'ombe yangu iko wapi." Akageuka, akatembea siku mbili kwenda na mbili kurudi, akaja naye. Nakaale alitoka mwenyewe, akamgusa maksai paji la uso, halafu akamgusa Erupe paji la uso, halafu akawafungulia mlango. Wote wawili.

Nyumbani kwetu mtoto ndiye anayebandua picha jambo likiisha. Picha hiyo hajaibandua. Erupe anasema kuondoka kabla haijabanduliwa ni kumkosea heshima mwenye nyumba, na hamaanishi mimi. Ni siku ya kumi na moja. Maksai amekula magazeti yangu ya kuanzia mwaka 1994 hadi uchaguzi wa 2002.

Kwa hiyo naomba rasmi Bi. Eugénie ahamishwe mara moja. Napendekeza Nadapal, mpakani, akawafundishe maafisa wa forodha sentensi fupi. Nasi turudi kwenye kelele, ahadi za uongo na ugomvi tuliouzoea.

Wasalimie wote ofisini: Morgan wa mapokezi, dereva, yule mama wa usafi, na mkubwa wako ambaye najua hatasoma hadi hapa.

Ni mimi, niliyeonewa lakini bado nina wino,

Wandera

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Akuwam ametoka sokoni na habari kwamba mmeamuru Bi. Eugénie ahudumie kambini pekee, asije tena mjini, kuanzia kesho. Nani aliyelalamika? Nitajie jina lake! Ni mjinga gani anayeweza kumwandikia mtu barua ya namna hiyo? Haya yote ya juu usiyasome. Jana Nakaale alinishika kidole, akanivuta hadi kwenye mtungi, akakiweka kidole changu juu ya kifuniko. Alikuwa na kiu. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuniomba kitu. Kesho ni Alhamisi, siku ya Bi. Eugénie, na picha yake tayari iko ukutani. Saa nne atakuwa amesimama mlangoni akimngoja. Njoo wewe mwenyewe umwambie.