Jogoo wa Mnada na Seva Mbili

Alhamisi, Juni 12

Sijamwambia mtu: jana kwenye maombi ya jumuiya niliomba programu ya Gladness, mtoto wa shangazi, igome. Tena nilifumba macho.

Mwalimu Godlove, anayetufundisha programu kule Mawenzi, katupa sisi wawili kazi ya kutengeneza programu ya mnada wa kanisani kwetu Old Moshi. Ibada ikiisha, watu wapandishe bei ya ndizi na majogoo kwa simu, hata ndugu walioko Dar. Sehemu ya Gladness inapokea bei. Yangu, kwenye seva nyingine, ikiitwa na yake inawatumia washindi ujumbe wa pongezi. Atakayefanya vizuri anaajiriwa. Mmoja tu! Mama kaniambia nimwangalie mtoto wa shangazi anavyochangamka. Namwangalia, mama. Sifanyi kingine.

Jumamosi, Juni 14

Godlove kasema kazi ya Gladness ni tamu kama mtori wa ndizi. Yangu kasema "inaendelea".

Nimepata mpango. Kesho, mnada ukipamba moto, nazima sehemu yangu. Ya Gladness itaita, haitajibiwa, itaanguka mbele ya usharika mzima. Mimi nitasikitika pembeni. Nimeshafanya mazoezi ya kusikitika.

Jumapili, Juni 15

Nimezima. Haikuanguka! Ikaendelea kupokea bei huku ikiita yangu tena na tena, kwa upole, kama Gladness mwenyewe. Nikaogopa, nikawasha. Kumbe sehemu yangu haijui kutofautisha ombi jipya na lililorudiwa. Mzee Eliaichi, aliyeshinda jogoo mmoja akiwa benchi la mbele, akamiminiwa pongezi zaidi ya arobaini. Akasimama kuuliza majogoo wengine wako wapi, maana simu haidanganyi. Akamtuma mkewe gunia! Mama Mchungaji alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Gladness akaninong'oneza, "Pole dada, ni mtandao tu." Pole! Afadhali angenizomea.

Jumatatu, Juni 16

Kazi kapewa Gladness. Godlove kasema sehemu yake haianguki hata seva ya mwenzake ikizimika, tujifunze hapo. Naye Gladness kaniombea nafasi ya kumsaidia mnada ujao. Kanipa hata nywila ya seva yake. Kwa imani kabisa!

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuzima moja. Jumapili nazima zote mbili.

Wewe uliyefika hapa, hujaona kitu. Ukikutana na mama sokoni, mwamkie tu, upite.