Tarikhi ya Gia ya Pili na Mguu Uliosingiziwa

Enyi mlioketi vitini na mlioketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi moja, tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, katika ua wenye nafasi ya gari moja na kamba moja ya nguo. Hakuna ufalme ulioanguka siku hiyo wala mji uliotekwa, ila gia ya pili ilitiishwa. Ewe Kumbukumbu, mlezi wa wasimulizi wote, nishike ulimi nisizidishe chumvi. Na nikizidisha, basi iwe kiasi cha kunogesha tu.

Shujaa wetu alikuwa karani wa masjala, Bingwa wa Majalada, Mlinzi wa Mihuri, mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba hakupoteza faili hata moja, ukiacha lile ambalo nyumbani kwake halitajwi. Alikuwa na gari la rangi ya chai iliyopoa. Mtaa mzima ulilijua gari hilo kwa sauti kabla ya kuliona, maana kila lilipotolewa gia ya kwanza kwenda ya pili lilikwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko.

Na hapo ndipo penye kisa. Mkewe, fundi cherehani mwenye mkono usiotetemeka, alikuwa ameufanya mtihani wa udereva mara mbili kwa gari hilo, na mara zote mbili aliangukia mlimani, gia ya pili ilipopiga ukelele ikagoma kuingia. Mtahini aliandika neno moja tu: klachi. Karani akaliunga mkono neno hilo kwa hotuba. "Mama watoto," alinena, kidole kikiwa juu, "gari hili ni zima kuliko mimi na wewe. Dosari imo katika mguu wako wa kushoto. Mguu huo una papara." Basi mama wa watu akaweka tofali chini ya meza ya cherehani, akawa analikanyaga na kuliachia polepole kila alipopumzisha mashine, miezi minane mizima, akiutia adabu mguu ambao haukumkosea mtu. Mtihani wa tatu ulikuwa Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, naye alikuwa ameapa kwamba akianguka tena hatashika usukani maisha yake yote.

Lakini Alhamisi, alipokuwa akitafuta kalamu chini ya kiti cha gari, karani aliokota kitabu cha maelekezo ambacho hakikuwahi kufunguliwa. Akasoma kwamba oili ya giaboksi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, la sivyo gia huwa ngumu na kukwaruza. Yeye alikuwa na gari hilo miaka kumi na minne, na oili hiyo hakuwahi hata kuulizia hali yake. Ikiwa ni oili, aliwaza, basi si mguu. Na ikiwa si mguu, basi ni mimi. Akaenda kununua oili mpya, akaificha nyuma ya gunia la mkaa, akamwambia mkewe kwamba Jumamosi atalifanyia gari usafi wa heshima.

Siku ikawadia. Akavaa koti lililostaafishwa, akalipandisha gari juu ya mbao nene magurudumu yote manne, akaziba mbele na nyuma kwa mawe, akajitosa uvunguni na spana mkononi. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kwa siku tatu na sasa alikuwa katika wiki ya sita, aliketi kizingitini akichambua mchele.

"Ewe sanduku la chuma!" ilinguruma sauti kutoka chini. "Ewe ngome ya meno yaliyofichika! Leo nimekufikia, na sitoki hapa mpaka umetapika uchafu wa miaka kumi na minne!"

"Baba," akauliza mama mkwe, "unaongea na nani huko chini?"

"Na adui, mama."

"Haya. Msalimie."

Giaboksi lilikuwa na nati mbili, moja chini ya kumwagia oili na moja ubavuni ya kujazia. Mtu mwingine angejiuliza aanze na ipi. Karani hakujiuliza. Masjala ina sheria yake, na sheria hiyo aliwafundisha makarani wachanga hadi wakaiota: faili la zamani litoke rafuni kwanza, ndipo jipya liingie. Akaishika nati ya chini, akakaza meno, akavuta. Ikalegea. Oili ikamwagika ndani ya beseni, nyeusi tititi, ikinuka mayai viza, na kwenye nati ile palikuwa na unga wa chuma ulionata kama masizi. Shujaa akatoka uvunguni amebeba beseni kwa mikono miwili, uso umepakwa weusi hadi masikioni.

"Tazama, mama! Adui ametoka hadi tone la mwisho!"

Mama mkwe aliangalia beseni, akaangalia gari. "Pa kutolea nimepaona. Pa kutilia pako wapi?"

Karani akacheka kicheko cha mtu anayeulizwa jambo jepesi, akarudi uvunguni, akaipachika spana kwenye nati ya ubavuni. Haikutikisika. Akaivuta kwa mkono mmoja, akaivuta kwa miwili, akaipiga teke. Kutu ya miaka kumi na minne ilikuwa imeishika kwa dhati. Akakifungua kitabu kwa vidole vilivyoloa, na hapo, kwa herufi nene ambazo macho yake yaliziruka, pameandikwa: fungua kwanza nati ya kujazia, usimwage oili kabla ya kuhakikisha kwamba nati hiyo inafunguka.

Jueni ukubwa wa balaa hilo. Giaboksi lilikuwa tupu, na gari lenye giaboksi tupu haliendi mtihanini wala kwa fundi. Saa ilikuwa tano na nusu. Shujaa alilala chali uvunguni, akaona aibu, aibu ya kweli isiyo na hotuba.

Mkewe akatoka ndani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akachuchumaa, akachungulia.

"Umekwama?"

"Mama watoto, kuna nyakati katika maisha ya taifa ambapo..."

"Umekwama au hujakwama?"

"Nimekwama."

Akaingia ndani, akarudi na kichupa cha oili ya cherehani, ile nyepesi kama maji. "Skrubu ikikwama kwenye mashine hailazimishwi," alisema. "Unaitia mafuta, unaigonga kidogo kidogo, unaiacha. Nisogezee nyundo." Akatia matone pembeni ya nati, akagonga kwa upole kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Kisha akarudi kupinda sketi ya mteja, akamwacha shujaa akiilinda nati kwa dakika arobaini, muda mrefu kuliko wote aliowahi kukaa bila kuhutubia.

Mama mkwe naye hakutaka vita vimpite. Akaenda chumbani, akang'oa bomba lililoshikilia chandarua cha kitanda chake, akalileta begani. "Lichomekeni kwenye mkono wa spana," akaamuru. "Uwe mrefu."

Wakalichomeka. Mume akashika, mke akashika juu ya mikono ya mume, wakahesabu hadi tatu. Bomba likapinda, wakavuta. Spana ikalia, wakavuta. Kisha, enyi wasikilizaji, nati ikatoa mlio mmoja mkali ikazunguka, na majeshi yote mawili yakaanguka chali.

Yaliyobaki yalikuwa kumalizia. Nati ya chini ikafutwa na kufungwa. Mke akasimama juu na faneli yenye mpira mrefu, mume akiwa chini ameushikilia mpira tunduni. "Mimina!" "Nimimine?" "Mimina!" "Bado?" "Bado!" Oili ya rangi ya asali ikaingia hadi ikafurika tunduni na kumtiririkia shujaa shingoni, dalili kwamba giaboksi limejaa.

Saa tisa kasoro robo walikuwa uwanja wa mtihani. Karani alibaki kando ya uzio, koti lile lile mwilini, akiomba mambo mawili yasiyopatana: kwamba oili iwe ndiyo iliyokuwa na kosa, na kwamba isiwe ndiyo. Gari likaondoka, mtahini akiwa pembeni na ubao wake wa kuandikia. Likaukabili mlima. Gia ya kwanza. Kisha ya pili.

Haikusikika. Iliingia kama mkono mfukoni, na gari likapanda mlima likaenda zake.

Liliporudi, mtahini alishuka akitabasamu. "Umefaulu, mama. Naona mazoezi yamesaidia. Mguu sasa umetulia."

Mkewe alimtazama mumewe tu, mikono bado iko kwenye usukani.

Hapo, enyi watu, ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa. Njia ya kukimbilia ilikuwa wazi. Ilitosha kunyamaza, na heshima ya miezi minane ingebaki ilivyo. Karani akasafisha koo. Hotuba ndefu ilimpanda kifuani, ikafika kooni, akaimeza.

"Mguu haukuwa na kosa tangu mwanzo," alisema. "Oili ndiyo iliyokuwa imeoza, na wa kuibadilisha nilikuwa mimi. Nilimsingizia mke wangu. Andika hivyo."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo," mtahini alisema.

"Pembeni basi."

Mtahini akatazama ubao wake, akawatazama hao wawili, akaandika pembeni. Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya utepe wa kupimia, akamfungulia mlango wa abiria.

"Ingia, baba watoto. Na usiguse gia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wenye tarikhi za wafalme na waendelee na wafalme wao. Sisi tunashuhudia kwamba siku ile, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mwanamume mmoja anayenuka oili alikubali kosa kwa maneno machache, akaendeshwa hadi nyumbani, na njia nzima hakutoa ushauri wowote.