Nguzo Zisizovaa Mkanda

Habari ililetwa na Redio, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hajui kuzima. Alifika kijiweni kwetu pa kahawa anahema.

“Jengo la nyuma ya stendi limekaa chini asubuhi hii! Orofa zote zimelaliana kama magodoro dukani! Bahati yao wapangaji walishatoka.”

Sote tukageuka kumtazama Ghorofa. Huyu bwana ana nyumba ya orofa tatu hapo ng'ambo ya barabara, na mafundi walikuwa juu wanaongeza ya nne.

“Mnanikodolea macho ya nini? Nguzo zangu nene! Ukiikumbatia moja, mikono haikutani.”

“Hata wewe mnene,” Kinyozi akamwambia, “na ngazi tatu tu unaomba maji.”

Tuliangua kicheko. Injinia, mpwa wake Ghorofa, yeye hakucheka.

“Mjomba, unene pekee haubebi. Ringi uliweka?”

“Ringi zipi?”

“Vile vyuma vya kuzungushia nondo, vinavyozifunga pamoja.”

“Nondo zimesimama wima, mzigo unatoka juu. Sasa vya kuzungushia ni vya nini, bangili? Fundi alifunga viwili vitatu nikamwambia yatosha, hatupambi bibi harusi hapa.”

“Nondo ikikandamizwa kutoka juu inatafuta pa kupindia. Kama haikufungwa inatoa tumbo, inapasua zege, na nguzo inakwisha mara moja. Nilikuambia nguzo zikaguliwe kabla hujapandisha hiyo orofa.”

“Miaka yote hiyo chuoni, kumbe ulikwenda kusomea mikanda!”

“Usiidharau mikanda,” Kinyozi akadakia. “Wewe ukilegeza wako hapo, benchi zima tunahama.”

Ghorofa alikuwa anafungua mdomo kumjibu, tukasikia *paa!* kutoka ng'ambo. Pande la zege lilidondoka kutoka kwenye nguzo ya kona, ile ya chini kabisa. Palipobaki wazi nondo zilionekana, zimebenuka kwa nje kama mbavu za mbwa mwenye njaa.

Injinia alitupa kikombe, akavuka barabara bila kutazama magari. “Tokeni! Acheni vitu, tokeni! Mafundi, shukeni!”

Tukamfuata mbio. Kinyozi alitoka na watoto wawili, mmoja kila kwapa. Redio alisimama mlangoni akipayuka majina ya wapangaji, na kwa mara ya kwanza hatukumwambia anyamaze. Wa mwisho kutoka alikuwa mama mkwe wake Ghorofa, anayekaa chumba cha chini, cherehani kichwani.

Injinia akafunga kamba mlangoni. Ghorofa, wakati wote huo, hakuinuka kwenye benchi.

“Plasta tu hiyo!” alipaza sauti. “Hamjaona plasta ikibanduka? Mama, unaniaibisha mbele za watu. Rudi ndani, mama yangu.”

Mama mkwe alitua cherehani, akajipangusa jasho kwa ncha ya kanga. Kisha akainyanyua ile kamba juu, kama mtu anayemfungulia mgeni pazia.

“Haya, mwanangu. Tangulia, nipo nyuma yako.”

Ghorofa akaitazama nguzo. Akatutazama sisi. Halafu akachukua kikombe chake.

“Ngoja kwanza nimalize kahawa.”

Tulimwacha pale, anakunywa taratibu, kikombe kitupu.