Kina Ledford na Stesheni ya Thelathini

Alhamisi, 7 Oktoba 1982

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi, funga mdomo. Usimsomee mtu hata mstari mmoja. Hasa mtu wa hapa Nashville, maana mji huu waimbaji, wapiga gitaa na makarani wote wanakula katika mkahawa mmoja, na habari huwahi kufika kabla ya kahawa.

Naitwa Emmett Loftis, karani wa kampuni ndogo ya santuri. Kazi yangu ni kupigia simu stesheni za redio na kuuliza kama zimeingiza wimbo wetu kwenye orodha ya nyimbo wanazopiga. Nimesoma vizuri. Hata hivyo simu ikilia natetemeka.

Leo Bwana Crutcher, mkuu wetu, ametoa hukumu juu ya kina Ledford. Hawa ni waimbaji wetu watatu: Opal, mdogo wake Verna, na binamu yao Dwight. Jumanne ndiyo siku stesheni zinaposoma orodha zao mpya. Wimbo wao ukiwa umeingia stesheni thelathini, watarekodi santuri nzima, yenye nyimbo nyingi. Pungufu ya hapo, warudi kwao Kentucky. Miezi kumi na minne tu tangu waanze!

Wimbo ni "Jina Chini ya Sahani". Mjane anarudisha vyombo vya majirani walioleta chakula msibani. Kila sahani imebandikwa jina la mwenyewe kwa chini. Anageuza moja, anakuta jina la mwanamke asiyemjua. Nimeusikia mara mia mbili. Pale sauti tatu zinapokutana bado natafuta leso.

Tuna ishirini na nane.

Ijumaa, 8 Oktoba

Opal alikaa pembeni ya meza yangu akinisubiri nimalize simu. Akanieleza habari za baba yake, Mzee Orville. Yuko kitandani Bell Gap, kwao Kentucky, vumbi la makaa ya mawe limemmaliza mapafu. Walimpelekea santuri. Akasema santuri hata mbwa wake anaweza kutengenezewa. Redioni ndiko anakoimba mwimbaji wa kweli. Stesheni ya bonde lao ni moja, nayo imo katika zile ishirini na nane. Imeahidi kuupiga wimbo Jumatatu saa sita mchana, mara baada ya matangazo ya vifo. Daktari hana uhakika kama mzee ataiona Jumatatu itakayofuata.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi! Nimwambie mtu asiwe na wasiwasi!

Alipoondoka nikapata wazo. Stesheni husikiliza wasikilizaji. Basi nitakuwa msikilizaji. Nikafunga mlango, nikaweka leso kwenye simu, nikapigia stesheni moja ya Georgia kwa sauti ya bibi kizee. Nikaomba "Jina Chini ya Sahani", upande wa kwanza, toleo fupi la redio, dakika mbili na sekunde hamsini na nne.

Mtangazaji akauliza, "Bibi, huko jikoni kwako unaoka mikate au unachapa santuri?" Nikasikia wenzake wakicheka. Nikakata.

Kosa nimeliona. Sikutoa jina. Bibi asiye na jina nani atamwamini?

Jumatatu, 11 Oktoba, asubuhi

Thelathini! Stesheni mbili za Alabama zimeingia zenyewe, bila hila yoyote. Dwight akamwinua Verna hadi kofia ya Bwana Crutcher ikaanguka mezani. Dwight ni mchekeshaji. Jukwaani huiga sauti za wanawake wazee wa kanisani, watu hupiga miguu sakafuni.

Thelathini kamili. Wala si thelathini na moja. Niliitazama ile namba mpaka ikaanza kunitisha. Ikidondoka moja tu? Bell Gap wakibadili nia? Afadhali kuwatia moyo kidogo.

Safari hii nilikuwa makini. Nilichukua kitabu cha simu cha wilaya ya Bell Gap, nikachagua jina halisi la mtu halisi: Icy Combs. Saa nne nikapigia stesheni yao. Nikaomba "ule wa sahani" tu, kama mtu wa kawaida. Mtangazaji akawa mpole kupita kiasi. Akaniuliza jina mara mbili. Akaniomba namba ya simu. Nikampa ya ofisi. Sheria yetu ndiyo hiyo: usikate bila kuacha namba.

Jumatatu, alasiri

Nisamehe mwandiko.

Saa sita Opal alimpigia mama yake, naye akaweka simu karibu na redio ili wasikilize pamoja, yeye huku, wazazi kule. Sote tuliiinamia simu yake tusikie. Matangazo ya vifo yakasomwa. Opal akatabasamu, akainua kidole: sasa.

Halafu kidole kikashuka taratibu.

Mtangazaji alisema kuna watu wa Nashville waliopiga simu asubuhi wakijiita Icy Combs. Bibi Combs walimzika Jumamosi. Familia bado ina vyombo vya watu mezani. Kwa heshima ya marehemu, wimbo wa kina Ledford hautapigwa, si leo wala siku nyingine.

Mama yake Opal akarudi kwenye simu. Alisema mzee amezima redio na kugeukia ukutani. Alikaa benchi moja kanisani na Icy miaka arobaini.

Jumanne, 12 Oktoba

Ishirini na tisa.

Bwana Crutcher aliuliza nani amepiga simu ile. Nikaanza kupanga karatasi zangu. Akamtazama Dwight. Wote wakamtazama Dwight. Dwight alicheka kwanza, akidhani ni utani, kisha akaona hakuna anayecheka. Akaapa. Verna akamwambia, "Umezoea kuigiza vikongwe, sasa umemwigiza maiti. Umefurahi?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Bwana Crutcher akaniuliza, "Unasemaje, kijana?" Nikamuuliza kama atapenda kahawa.

Mkataba umechanwa saa nane.

Ijumaa, 15 Oktoba

Mzee Orville amefariki jana. Opal alikuja kuchukua gitaa. Dwight ameondoka peke yake, hawasemezani. Nilimwambia Opal pole. Akanishika bega: "Ahsante, mdogo wangu. Wewe ndiye pekee humu uliyetuhangaikia."

Nilijifungia chooni nikalia. Kisha nikarudi kupiga simu za mwimbaji mwingine.

Jumatatu, 18 Oktoba

Sijalala vizuri siku tatu, lakini leo nimepata njia. Waimbaji watatu walioelewana namna ile hawawezi kuachwa hivi hivi. Nimeandika barua mbili nzuri sana. Katika moja Dwight anamwomba Opal msamaha kwa kosa lake. Katika nyingine Opal anamsamehe. Miandiko tofauti, wino tofauti. Nimezituma zote asubuhi, pamoja. Hakuna kinachoweza kuharibika.

Wewe msomaji, ukisikia lolote juu yao, niandikie: Sanduku la Posta 613, Nashville. Jina langu usiliweke kabisa. Andika kwa Dwight Ledford, au kwa Opal, yeyote umpendaye. Nimewakodia sanduku moja, majibu yao yote yafike humo, na ufunguo ninao mimi.