Shokapu Isiyo na Mafuta na Wageni wa Posa

Mafuta yale yale yanayofanya mnyororo uteleze, yanawezaje kuizuia shokapu ya baiskeli isirukeruke? Asubuhi nilimuuliza kaka yangu Deo. Hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo, ila mwenzenu nimesoma chuo, kwa hiyo nikafanya jaribio. Jamani, nimeaibika mchana kweupe!

Baiskeli yangu ya mtumba ina shokapu mbele, fupi tu, inacheza kama upana wa vidole vitatu.

"Kashokapu kadogo hivi, mafuta ya nini?" nikamwambia Deo. "Si kana springi?"

"Yaache."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu waliyaweka!"

(Hiyo nayo ni sababu? Mnaona watu ninaoishi nao?) Nikafungua nati za chini, nikayamwaga yote, nikafunga.

Mama akanituma Izia kwa shangazi nikachukue togwa. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Mwimbi kumposa dada yangu Editha, na togwa ya shangazi ndiyo iliyokuwa iwapokee. Shangazi akanijazia ndoo, nikaitia kwenye kikapu cha mbele.

"Usimwage," akasema shangazi.

"Shangazi, nina shokapu!"

Shimo la kwanza: baiskeli ikainama, ikainuka. Ikainama tena. Shimo tumeshaliacha nyuma, sisi bado tunaitikia! Kila shimo jipya likaongeza mruko juu ya mruko. Mfuniko ukaenda zake kwenye shamba la ulezi. Naingia nyumbani, wageni hao, wamejaa uani. Nikabana breki.

Nikazama. Nikaibuka. Togwa ikanipata usoni.

"Shika..." chini. "...moo!" juu.

Baba wa mchumba akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimiana Ufipa. Nikazama, naye akazama. Nikaibuka, naye juu. Tena!

"Yesu na Maria!" Mama huyo. "Togwa iko wapi?"

"Nimeivaa, mama."

Editha mlangoni, machozi yanamlenga. Nikajua nimemharibia posa. Mara yule mzee akaangua kicheko hadi kofia ikadondoka, na ukoo mzima ukamfuata. Posa ikakubaliwa kabla chai haijachemka.

Nikaenda bombani kuosha nywele, na hapo ndipo akili iliponirudia. Ndani ya shokapu mafuta hupenya kwenye matundu madogo. Ukiyasukuma polepole, yanapita. Ukiyasukuma kwa kasi, yanagoma. Springi ikitaka kuruka, inabanwa na mafuta hayo, inatulia. Mimi niliibakiza springi peke yake, ifanye itakavyo.

"Umeelewa sasa?" Deo akauliza.

"Hata wewe hukujua!"

"Sikujua. Lakini mimi sinuki togwa."

Mchana kutwa nimejipa moyo kwamba angalau mzee wa watu aliona namsalimu kwa heshima. Jioni hii mchumba amempigia Editha simu. Kumbe baba yake alijua tangu mwanzo kwamba ni baiskeli. Alikuwa ananiigiza.